Gobori halijui 'risasi': Neno moja linapohatarisha maisha

JUMA lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Indiana, Marekani. "Shikamoo Mwalimu," aliandika. "Nimenunua bunduki ya kizamani, ile ya kushindiliwa kwa mdomo. Kijana wangu ana miaka 15 na anataka kujifunza kuipiga. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Sasa nikianza kumweleza, maneno yananiishia. Nisaidie."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Nilifurahi kwa sababu mzazi aliye mbali bado anataka kumfunza mwanawe kwa Kiswahili. Nikaogopa kwa sababu najua kinachoweza kutokea mtu anapofunzwa kazi ya baruti kwa maneno yasiyotosha. Yalinikuta mimi mwenyewe.

Bunduki anayoizungumzia tunaiita gobori. Usidhani ni kitu cha makavazi tu. Nchini Tanzania, magobori bado hutajwa katika habari za uwindaji na za polisi. Indiana, kama majimbo mengine mengi ya Marekani, ina msimu maalumu wa kuwinda paa kwa bunduki za aina hii, na mji mdogo wa Friendship katika jimbo hilo ndio makao ya chama cha kitaifa cha wapenzi wake, kilichoanzishwa mwaka 1933. Hapa kwetu Kenya, kumiliki silaha bila leseni ni kosa la jinai. Kwa hivyo msomaji asiyachukue makala haya kama ruhusa ya kufufua bunduki ya babu iliyofichwa darini. Ile ipeleke polisi.

Nirejee kwa kisa changu. Miaka mingi iliyopita nilifundisha Kiswahili kwa muda huko Marekani. Mwenzangu mmoja, Mtanzania mwenyeji wa Tanga, alikuwa amenaswa na mchezo huu wa shabaha. Siku moja akanipeleka uwanjani, akanionyesha mara moja, kisha akaniambia: "Haya, Profesa. Tia risasi, shindilia, visha fataki, piga."

Nikatia, nikashindilia, nikavisha, nikalenga. Nilipofyatua, nilisikia "ta!" kama njiti iliyovunjika, basi. Hakuna moshi, hakuna mshindo. Nikaanza kugeuka ili nimuulize kulikoni, na mtutu nao ukaanza kugeuka pamoja nami.

"Usigeuke! Elekeza mbele!" alifoka. Tukasubiri dakika nzima, mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kushika moto. Kisha akaondoa fataki na kuingiza mdeki mtutuni. Alama aliyokuwa ameichora kwenye mdeki huo ikazama chini kuliko ilivyopaswa. Akacheka kwa hasira. "Profesa, hujatia baruti!"

Kumbe alinipa agizo sahihi kwa Kiswahili chake cha gobori, nami nikalisikia kwa Kiswahili cha leo. Sisi tuliozoea bunduki za kisasa tukisema "risasi" tunamaanisha kitu kizima: ganda la shaba, baruti ndani yake, kichwa mbele na kiwashio nyuma. Ukitia risasi umetia kila kitu. Gobori halijui kitu kama hicho. Kila kiungo huingia peke yake, kwa zamu yake.

Asili ya neno inatusaidia hapa. Risasi limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni madini, yaani ile metali nzito na laini ya kijivu. Kiswahili kiliipokea maana hiyo na bado kinayo. Kutoka kwa metali, neno likahamia kwa tufe lililotengenezwa kwa metali hiyo, kisha kwa kitu kizima cha bunduki za leo. Maana tatu katika neno moja si tatizo mezani. Uwanjani ni tatizo kubwa.

Kwa hivyo nilimshauri mwanafunzi wangu aliache neno risasi libaki kwa metali, na amfunze kijana maneno manne yasiyogongana: baruti, kiasi, goroli na fataki.

Baruti ya gobori ni ile nyeusi, mchanganyiko wa makaa, shura na kibiriti. Ndiyo, kibiriti kwa asili ni salfa. Njiti tunazowashia jiko zilirithi jina tu. Baruti nyeusi isichanganywe kamwe na baruti isiyotoa moshi iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1884. Nguvu ya hiyo ya pili ni nyingine kabisa, nayo inaweza kupasua mtutu wa gobori mikononi mwa mpigaji. Anayenunua asome maandishi ya kopo, asitazame rangi tu.

Kiasi ni neno tamu. Leo tunalitumia kwa chumvi na sukari, lakini kamusi za zamani zinalitaja pia kama kipimo cha baruti cha mlio mmoja. Baruti hii hupimwa kwa ujazo, kwa kizio ambacho tunaweza kukiita punje. Punje 7,000 ni ratili moja. Kwa mtutu wenye kipenyo cha nusu inchi, anayeanza hutumia takribani punje 50 hadi 60, ila kauli ya mwisho ni ya kitabu cha mtengenezaji wa bunduki hiyo. Kanuni kubwa ni hii: mimina baruti kutoka kwenye pembe hadi kwenye kipimo, ndipo umimine kutoka kwenye kipimo hadi mtutuni. Ukimimina moja kwa moja kutoka pembeni, cheche iliyobaki mtutuni yaweza kuwasha pembe nzima ukiwa umeishika.

Goroli ni lile tufe la risasi laini. Hufungwa kiraka cha kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta ili likae sawasawa na kushika michirizi iliyo ndani ya mtutu. Hapo ndipo kitenzi shindilia kinapopata maana yake kamili. Siku hizi tunashindilia nguo kwenye sanduku, lakini bunduki nayo ilishindiliwa, na chombo chake ni mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu. Mdeki ushikwe karibu na mdomo wa mtutu na kusukumwa kwa hatua fupi fupi, usije ukavunjika na kukuchoma kiganja. Goroli lazima lifike chini na kuigusa baruti. Likiachwa njiani, pengo kati yake na baruti laweza kuuharibu mtutu, hata kuupasua.

Ndiyo sababu mdeki huchorwa alama mbili: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa sawasawa. Kabla ya chochote, pima kwa alama ya kwanza ujue gobori li tupu. Ukishashindilia, pima kwa alama ya pili. Mdeki ukibaki juu mno, goroli halijafika. Ukizama mno, umefanya nilichofanya mimi.

Fataki ndiyo ya mwisho. Vijana wanalijua neno hili kwa milipuko ya mwaka mpya, na nchini Tanzania wanalijua kwa jina la kejeli la mwanamume mzima anayewanyemelea wasichana wadogo. Maana yake ya zamani ni kikofia kidogo cha shaba chenye kiwashio ndani. Hugongwa na nyundo ya bunduki, kikatoa mwako unaofikia baruti. Kabla ya fataki kulikuwa na bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, na kabla ya hiyo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Fataki havishwi mtu akiwa kambini wala akiwa njiani. Huvishwa mpigaji akiwa mahali pake, mtutu ukielekea kwenye shabaha, macho na masikio yakiwa yamekingwa.

Na baada ya kupiga? Hapa wengi huzembea. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa yabisi. Sehemu hutoka kama moshi, sehemu hubaki mtutuni kama masizi yenye chumvichumvi. Chumvi hizo huvuta unyevu hewani, na kutu huanza upesi. Basi gobori lisafishwe siku hiyo hiyo. Dawa yake ni ya jikoni: maji ya moto na sabuni. Chumvi huyeyuka majini; mafuta ya mashine peke yake hayaziondoi. Sugua kwa vitambaa kwenye mdeki hadi kitambaa kitoke safi, fungua na usafishe kichuchu kinachovishwa fataki, kausha kabisa, kisha paka mafuta mepesi. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia. Siku ya kupiga, futa mafuta hayo yote kwanza, la sivyo yataloanisha baruti.

Nilimwandikia mwanafunzi wangu haya yote, nikamwongezea zoezi moja: kabla kijana hajagusa gobori, ayataje maneno kwa mpangilio, kwa sauti, mara kumi. Mdeki, baruti, kiasi, goroli, shindilia, mdeki tena, fataki. Jana akanijibu: "Mwalimu, anayaimba hata akiosha vyombo. Jana amenisahihisha mimi. Nilisema 'tia risasi', akaniuliza: baba, ipi?"

Swali hilo la kijana limenifurahisha kuliko shabaha yoyote. Mara nyingi tunailaumu lugha yetu kwamba haina istilahi, tukakimbilia kuazima, na huku maneno yamelala kamusini yakisubiri kuulizwa. Mdeki lipo. Mrao lipo. Kiasi tunalitamka kila siku bila kujua lilishawahi kunusa moshi. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema, na tahadhari yenyewe huanza kwa kukipa kila kitu jina lake.