Kabila la 43
Bila kitambulisho, Mkenya hasajili laini ya simu wala hapigi kura. Wamakonde wengi wa Kwale waliishi hivyo miaka nenda miaka rudi, ingawa wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa.

Mtaani, Mmakonde mchonga vinyago wa mpingo aliyezikana na jirani zake Wadigo alikuwa mwenyeji. Ofisini alikuwa mgeni.

Oktoba 2016 Wamakonde wakafunga safari ya miguu kwenda Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho. Wakawa kabila la 43 la Kenya. Wahindi wakafuata Julai 2017.

Inasikitisha kwamba uraia uliombwa kupitia kabila. Washona, waliotoka Zimbabwe kuhubiri, walisubiri hadi Desemba 2020.