Mota Inayopima Breki za Malori

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kufikisha tani 56, mzigo pamoja na gari lenyewe. Malori ya aina hiyo ndiyo yanayopanga foleni Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kila siku. Breki za chombo kizito namna hii hazipimwi kwa kusikiliza mguu wa dereva. Hupimwa kwa mashine ya rola, na ndani ya mashine hiyo mna mota ya umeme ambayo kazi yake ni zaidi ya kuzungusha.

Gurudumu hulala juu ya rola mbili za chuma zilizozamishwa sakafuni, nayo mota huziendesha polepole, kama kilomita mbili hadi tano kwa saa. Dereva akikanyaga breki, gurudumu hukataa kwenda, na ukaidi huo hurudi hadi kwenye ganda la mota. Ganda lenyewe halikukazwa sakafuni. Limeshikwa na beringi, na mkono wake hukandamiza kipima nguvu. Nambari anayosoma mkaguzi ni msukumo wa ganda likitaka kugeuka kinyume. Tuseme breki inatoa nguvu ya nyutoni 20,000 huku rola zikienda mita 0.7 kwa sekunde: mota inadaiwa kilowati 14 papo hapo.

Mzigo huo huleta joto, nalo joto hula vanishi inayozitenga nyaya za koili. Kanuni ya miaka mingi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza maisha ya vanishi kwa nusu.

Fundi wa Sio Port, kando ya Ziwa Victoria, aliyezoea kusuka mota za visiagi na pampu za maji ataitambua mota hii mara moja. Ni ile ile ya fezi tatu, volti 415, iliyobuniwa na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mwaka 1889. Lakini asikimbilie kukata waya. Afungue kifuniko, amulike, atazame. Koili zote zikiwa nyeusi sawasawa, mota ilizidiwa, au stima ilikuwa dhaifu, au feni ilizibwa na matope. Zikiungua za fezi mbili na ya tatu ikabaki na rangi yake, basi fezi moja ilikatika njiani na mota ilikuwa imeungwa kwa nyota. Ikiungua ya fezi moja tu, kosa ni hilo hilo, ila iliungwa kwa delta. Doa moja jeusi, kwingine kuzima, hutokana mara nyingi na maji au mkwaruzo. Na shimo la rola, msimu wa mvua za ziwani, hujaa maji upesi. Anayesuka bila kusoma alama hizi atamrudishia mwenyewe mota itakayoungua tena kwa sababu ile ile: kontakta iliyochakaa, fyuzi iliyokatika.

Jambo jingine linaniuma. Koili kuukuu hutolewa kwa kuchomwa motoni, na moto wa wazi huharibu utando ulio kati ya vibati vya chuma vya mota. Umeme hupata njia ya kuzunguka ndani ya chuma, na mota iliyosukwa kwa waya mpya kabisa huchemka bila kazi. Tanuri lisivuke takriban nyuzi 360.

Baada ya vanishi kukauka, mega (kipima utengano wa umeme) ya volti 500 isome angalau megaomu tano kati ya koili na ganda. Kisha mwelekeo: fezi mbili zikibadilishana nafasi, rola hugeuka kinyume, na kipima nguvu huvutwa badala ya kukandamizwa.

Hata hapo kazi haijaisha, kwa kuwa mota ni sehemu ya mizani. Kebo ikirudishwa imebana, hubeba sehemu ya msukumo, na breki za kushoto na kulia huonekana tofauti hali zi sawa. Ndiyo maana mashine huhakikiwa: hufungwa mkono wa chuma wa urefu unaojulikana, mawe ya uzito unaojulikana huning'inizwa, na usomaji hulinganishwa na hesabu. Kwangu mimi, mota kuzunguka si ruhusa ya kuingiza lori. Ruhusa ni usomaji wa mawe hayo, pande zote mbili.