Kwa nini mawakili hufunzwa upya kwa ajili ya usuluhishi wa kimataifa

KILA mwaka, siku chache kabla ya Pasaka, wanafunzi wa sheria kutoka vyuo vikuu zaidi ya 300 duniani hushindana mjini Vienna, Austria, wakibishana juu ya mkataba wa biashara ambao haujapata kuwapo. Kampuni zinazogombana ni za kubuni, lakini stadi zinazopimwa ni za kweli: kutetea shauri mbele ya baraza la usuluhishi wa kimataifa.

Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka wa masomo 1993/94, yana jina la mtaalamu wa sheria za biashara, Willem C. Vis. Oktoba wanafunzi hupewa mgogoro wa mauzo ya bidhaa. Huandika kwanza hoja za mdai, kisha hubadili upande na kuandika za mdaiwa. Hatimaye husimama mbele ya wasuluhishi watatu, ambao wanaweza kuwakatiza kwa maswali wakati wowote. Anayelazimika kutetea pande zote mbili huujua udhaifu wa hoja yake kabla mpinzani hajaugundua.

Wakili mzoefu naye ana ya kujifunza. Katika usuluhishi, maelezo ya shahidi kwa kawaida huwasilishwa mapema kwa maandishi, hivyo sehemu kubwa ya kikao huwa ni maswali ya dodoso. Mara nyingi kila upande hupangiwa saa zake. Anayerefusha maswali hula muda wake mwenyewe. Tena wasuluhishi huweza kutoka katika mifumo tofauti ya sheria: mmoja amezoea mahakama za Uingereza, ambako mawakili ndio huhoji mashahidi, mwingine za Ufaransa, ambako kazi hiyo ni ya jaji. Ndiyo maana mafunzo ya mawakili hufanywa kwa vitendo: humhoji mtu anayeigiza shahidi, kisha wenye uzoefu huwaonyesha walipokosea.

Uzito wa jambo hili uko kwenye tuzo. Mkataba wa New York wa mwaka 1958, wenye wanachama zaidi ya 170, zikiwamo Tanzania na Kenya, huruhusu mahakama kukataa kutekeleza tuzo kwa sababu chache tu. Kosa la wasuluhishi katika kupima ushahidi si mojawapo.

Nigeria inalijua hilo. Mwaka 2017 iliamriwa kuilipa kampuni ya P&ID dola bilioni 6.6 za Marekani, deni ambalo kwa riba lilivuka bilioni 11. Oktoba 2023, Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba tuzo hiyo ilipatikana kwa udanganyifu. Jaji Robin Knowles aligusia pia udhaifu wa uwakilishi wa nchi hiyo mbele ya wasuluhishi.

Afrika Mashariki haiko mbali na mashauri hayo. Kituo cha usuluhishi cha Kigali kilizinduliwa mwaka 2012, Kenya ikatunga sheria ya kituo cha Nairobi mwaka 2013, na Tanzania ikapata Sheria mpya ya Usuluhishi mwaka 2020. Sheria na vituo vipo. Kinachobaki ni mawakili wa kuvitumia. Serikali inaposhindwa shauri, anayelipa ni mwananchi, na hivyo gharama ya kumfunza wakili mapema ni ndogo mno ikilinganishwa na tuzo moja.