Kwa Nini Ramani Huchelewa Kufunguka?

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitika katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa na maabara na 8 waliohesabiwa kwa dalili na mazingira ya ugonjwa wao. Wote walifariki dunia. Katika maradhi ya namna hiyo kila mtu aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Wafuatiliaji hawana budi kujua kitongoji kiko wapi, njia ipi inafika huko, na zahanati ya karibu ni ipi.

Wilaya jirani ya Ngara nayo ina historia yake. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda na kuingia wilayani humo. Waliowapokea walilazimika kujibu upesi maswali ya mahali: maji yako wapi, mahema yawekwe wapi, barabara gani itabeba malori ya chakula.

Siku hizi maswali kama hayo aghalabu hujibiwa kwa ramani zinazofunguliwa katika kompyuta na simu kwa njia ya intaneti. Ramani hiyo ikichukua dakika mbili kufunguka, mfanyakazi aliye shambani huiacha na kuanza kukisia. Hivyo kasi ya ramani si anasa ya wataalamu wa mijini. Ni sehemu ya manufaa ya ramani yenyewe.

Jambo linaloshangaza ni kwamba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao hupitisha habari kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, umefika mpakani Rusumo na Kabanga, sehemu zote mbili zikiwa Ngara. Hata hivyo mtu aliye katika wilaya hiyo aweza kufungua ramani na kungoja. Wengi husema mara moja, "Mtandao uko chini." Mara nyingine ni kweli, lakini si kila mara. Katika makala haya tutaeleza kwamba uchelewaji wa ramani ni dalili tu, wala si ugonjwa. Una vyanzo kadhaa, na kila chanzo kina tiba yake. Anayetibu kabla ya kupima aghalabu hupoteza fedha na muda.

Ramani ya vigae

Yafaa kwanza tujue ramani ya namna hii inavyofanya kazi. Mwaka 1993 kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, kilifungua mojawapo ya ramani za kwanza katika wavuti. Kila mtumiaji alipobonyeza mahali, seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ilichora ramani upya na kutuma picha moja nzima. Utaratibu huo ulifaa watumiaji wachache. Walipoongezeka, seva ililazimika kuchora picha ile ile mara nyingi kwa ajili ya watu mbalimbali.

Mwaka 2005 Google Maps ilieneza utaratibu mwingine. Uso wa dunia hukatwa vipande vya mraba, ambavyo tutaviita vigae, kila kimoja kikiwa na pikseli 256 kwa upande. Katika ngazi ya 0, karibu dunia yote imo ndani ya kigae kimoja. Kila tunapopanda ngazi moja, kila kigae hugawanywa mara nne. Kwa hiyo ngazi ya 1 ina vigae 4, ngazi ya 2 ina 16, ngazi ya 10 ina 1,048,576, na ngazi ya 18 ina zaidi ya bilioni 68. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo hujengwa na watu wa kujitolea duniani kote, hutumia mpango huo huo. Faida yake ni kwamba kigae kikishachorwa mara moja huwekwa akiba na kupewa kila anayekitaka.

Kioo cha kompyuta ya kawaida huhitaji vigae kama 28 ili kijae. Basi mtu anayefungua ramani ya Biharamulo haombi kitu kimoja. Anaomba vitu 28 kwa pamoja.

Vituo vinne vya safari

Ombi la kila kigae hupitia vituo vinne, na katika kila kimoja muda waweza kupotea.

Kituo cha kwanza ni njia. Mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ikiwa seva iko umbali wa kilomita 1,500 za waya, safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 3,000, yaani sekunde 0.015. Ikiwa seva iko ng'ambo, umbali wa kilomita 10,000, safari hiyo huchukua sekunde 0.1. Lakini ikiwa shule inatumia setilaiti iliyo juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786, ombi hupanda na kushuka, na jibu vilevile hupanda na kushuka. Jumla yake ni kilomita 143,000 hivi, nazo huchukua karibu sekunde 0.48 hata kama kila mtambo unafanya kazi bila kasoro.

Kituo cha pili ni seva yenyewe. Hapa kompyuta hutafuta katika kanzidata barabara, mito na majengo yaliyo ndani ya kigae kilichoombwa, kisha huyachora.

Kituo cha tatu ni mzigo unaorudi. Tuseme kila kigae kina kilobaiti 20. Vigae 28 ni kilobaiti 560, sawa na kilobiti 4,480. Njia yenye uwezo wa kilobiti 256 kwa sekunde itahitaji sekunde 17.5, ilhali njia ya kilobiti 4,000 itahitaji sekunde 1.1 tu. Mwanafunzi asichanganye kituo hiki na kile cha kwanza. Barabara pana haifupishi safari ya kutoka Nyakanazi hadi Dar es Salaam; huruhusu tu magari mengi zaidi kupita kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kununua njia pana zaidi hakuondoi muda wa safari ya setilaiti.

Kituo cha nne ni chombo cha mtumiaji. Simu ya zamani yaweza kupokea data zote upesi na bado ikachelewa kuzichora kiooni, hasa ikiwa imetumiwa maelfu ya alama kwa pamoja.

Kupima kabla ya kutibu

Tabibu mzuri hatoi dawa kabla ya kupima. Kwa ramani, vipimo rahisi ni vinne.

Kwanza, fungua ukurasa mwepesi wa maandishi matupu kwa kutumia njia ile ile ya mawasiliano. Ukichelewa nao, tatizo laelekea kuwa njiani. Ukifunguka upesi, usiulaumu mtandao haraka.

Pili, fungua ramani, ondoka mahali hapo, kisha urudi. Ikiwa mara ya pili inafunguka papo hapo, vigae vimehifadhiwa katika chombo chako, na uchoraji wa kiooni si kikwazo. Ikiwa mara zote mbili inachelewa vilevile, chunguza chombo chenyewe, na uchunguze kama vigae vinahifadhiwa kweli.

Tatu, linganisha eneo lenye vitu vingi na eneo tupu, kwa mfano mji wa Biharamulo na pori lililo karibu. Ikiwa pori linafunguka upesi na mji unachelewa, ama seva inahangaika kutafuta na kuchora, ama mzigo wa vigae vya mji ni mkubwa.

Nne, tumia vyombo vya wachunguzi vilivyomo ndani ya kivinjari cha kompyuta. Huonyesha kwa kila kigae muda uliotumika kutafuta njia, kungojea seva, na kupokea mzigo. Jedwali hilo hutenganisha vituo vilivyotajwa hapo juu.

Katika vipimo vyote badili jambo moja tu kwa wakati. Aidha, usiridhike na wastani. Tuseme ramani imefunguliwa mara 10: mara 9 kwa sekunde 2, na mara moja kwa sekunde 40. Wastani ni sekunde 5.8, lakini hakuna aliyengoja sekunde 5.8. Yafaa kuandika kipimo cha katikati pamoja na kile kibaya kuliko vyote, kwa maana aliyengoja sekunde 40 huenda ndiye aliyekuwa na haraka.

Tiba kwa kila chanzo

Tatizo likiwa ni umbali, tiba ni kupunguza idadi ya safari au kuisogeza akiba karibu na mtumiaji. Kwa kanuni ya zamani ya mawasiliano ya wavuti, vivinjari vingi hufungua njia zisizozidi 6 kwa seva moja. Vigae 28 huenda kwa mizunguko 5, na kwa setilaiti kila mzunguko hugharimu karibu nusu ya sekunde. Kanuni mpya iliyopitishwa mwaka 2015 huruhusu maombi mengi kupita katika njia moja bila kupanga foleni ya namna hiyo.

Tatizo likiwa ni seva, mara nyingi kinachokosekana ni faharasa. Mgeni anayetafuta nyumba moja wilayani Ngara hagongi hodi kila mlango. Huuliza tarafa, kisha kata, kisha kijiji, na mwisho kitongoji. Katika kila hatua huacha nyuma sehemu zote zisizohusika. Mwaka 1984 Antonin Guttman alichapisha mpango wa faharasa unaofanana na huo, ambamo vitu vilivyo karibu hufungwa ndani ya mistatili, na mistatili midogo ndani ya mikubwa. Ikiwa kila mstatili una sehemu 100, hatua tatu zatosha kuchagua kitu kimoja kati ya 1,000,000. Bila faharasa, kompyuta hukagua vyote 1,000,000 kwa kila kigae.

Tatizo likiwa ni mzigo, tupunguze kisichoonekana. Katika ngazi ya 6 pikseli moja hufunika karibu kilomita 2.4 za ardhi. Kona ndogo za Mto Kagera zilizopimwa kwa maelfu ya nukta huangukia ndani ya pikseli moja, wala jicho haliwezi kuzitofautisha. Mwaka 1973 David Douglas na Thomas Peucker walieleza njia ya kuondoa nukta zisizobadili umbo la mstari kupita kiwango kilichowekwa. Mto hubaki mto, na data hupungua sana.

Mahali ambapo mawasiliano ni haba kabisa, vigae hupakiwa mapema. Tuchukue mraba wa kilomita 100 kwa 100, unaokaribia ukubwa wa Ngara na Biharamulo zikijumlishwa. Hadi ngazi ya 14 eneo hilo lina vigae takriban 2,500; kwa kilobaiti 20 kila kimoja, jumla ni megabaiti 50. Simu ya bei nafuu huvibeba bila shida. Lakini ngazi ya 18 peke yake ina vigae takriban 428,000, yaani zaidi ya jigabaiti 8. Ni lazima basi kuchagua: ngazi za juu zipakiwe kwa makazi tu, si kwa pori lote.

Hatari ya akiba ya zamani

Tiba nazo zina madhara yake. Wilaya ya Chato, iliyokuwa imemegwa kutoka Biharamulo, iliingia katika Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Kigae kilichowekwa akiba kabla ya miaka hiyo hufunguka upesi sana, lakini huonyesha mipaka na majina yaliyokwisha kubadilika. Kwa sababu hiyo kila akiba hupewa muda wa kuisha, na data zinapobadilika vigae vilivyoguswa na badiliko hilo ndivyo vinavyochorwa upya. Kuvifuta vyote kwa pamoja si busara, kwa kuwa seva hulemewa na maombi ya vigae vyote kwa siku moja.

Kazi ya darasani

Mwalimu aweza kuwagawa wanafunzi katika makundi, kila kundi likiwa na saa ya kuhesabia sekunde. Fungueni ramani ya wilaya yenu mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, mkifuta akiba ya kivinjari kila mara. Andikeni matokeo kwa mpangilio kuanzia dogo hadi kubwa, mkitaja la katikati na la mwisho. Rudieni bila kufuta akiba. Kisha fanyeni vile vipimo vinne, na kila kundi liandike ni kituo gani kinachochelewesha na ushahidi wake ni upi.

Shule isiyo na intaneti itumie karatasi. Chora mraba wa eneo la shule, ugawe mara nne, kisha kila sehemu mara nne tena, mpaka kila jengo liwe katika mraba wake. Mwanafunzi mmoja atafute jengo kwa kukagua miraba yote mmoja mmoja, na mwingine kwa kuchagua sehemu moja kati ya nne katika kila hatua. Hesabuni hatua za kila mmoja, na mwandike ni miraba mingapi ambayo yule wa pili hakuhitaji kuitazama.