Shabiki wa mpira hashuki Same

Stendi ya Same, wakala wa tiketi huanza kazi kwa kupiga simu. Basi la kutoka Dar es Salaam likisimama Korogwe ili abiria wapate chakula, humsaka konda: wangapi wanashuka Hedaru, wangapi Makanya, wangapi hapa mjini? Kila anayeteremka anaacha siti, na siti hiyo ndiyo bidhaa yake. Huiandika daftarini kwa penseli, kwa sababu konda akimpakia mtu Mombo inabidi ifutwe. Nililipekua daftari hilo: kurasa zimechakaa kwa kufutwafutwa. Huku wanaoshuka, kule wanaongoja kwenda Moshi na Arusha.

Nikamtajia AFCON 2027, ambayo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Uwanja mpya wa Arusha ni wa watazamaji 30,000 hivi, na mipango inayosikika ni ya viwanja vya ndege, hoteli na mabasi ya mjini. Mama huyu wakala akaanzia Desemba.

"Desemba afadhali, mwanangu. Mabasi yanajaa, lakini Wapare wanakuja kwao, wanashuka, siti inabaki. Shabiki wa mpira hashuki Same."

Desemba pia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda, mabasi ya njia nyingine yakaja kuongeza nguvu huku Kaskazini. Yeye anahofia kinyume chake: mabasi ya barabara hii yakodiwe kubeba mashabiki, mgonjwa mwenye rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, abaki benchi. Na magari ya kuungaunga hayataki. Juni 2025, eneo la Sabasaba, hapahapa Same, basi na Coaster viligongana vikawaka moto, wakafa watu wapatao 40.

Kurudi nako kuna kazi. Safari za usiku ziliruhusiwa tena Oktoba 2023, sawa. Mechi ikiisha saa nne usiku, kilomita 180 hivi kutoka Arusha zitamfikisha kijana wa Mbaga hapa kama saa nane. Noah za milimani zimeshapanda tangu mchana. Bodaboda, kwa kona zile, gizani?

"Waniulize mimi," alisema, simu ikiwa tayari sikioni.

Reli ya Tanga hadi Arusha imepita katikati ya mji huu. Je, treni ya mashabiki imo kwenye hesabu ya mtu yeyote? Na kama imo, itasimama Same?