Mlango Wazi, Meza Yenye Masharti

Juni 28, 1902, wamisionari wanne wa Konsolata kutoka Turin, Italia, walifika Tuthu, katika milima iliyo juu ya Kangema, wakapokewa na chifu Karuri wa Gakure. Kesho yake, sikukuu ya Petro na Paulo, wakaadhimisha misa. Historia ya Ukatoliki wa Murang'a na Nyeri huanza kusimuliwa kwa misa hiyo, nayo ni haki yake. Lakini kabla ya misa palikuwa na mapokezi: wageni waliotoka mbali walipewa mahali pa kukaa na mtu ambaye hakuwa wa dini yao. Karuri mwenyewe alibatizwa mwaka wa 1916, mwaka uo huo aliofariki. Kwa muda wa karibu miaka 14, basi, alikuwa mwenyeji wa ibada ambayo mezani pake hakuweza kula. Alifungua mlango wake wote. Wageni wake nao walimfungulia mlango wao, lakini meza wakaiwekea masharti. Katika kisa hicho kimoja mna karibu kila kitu kinachowatatiza watu hadi leo wanapoingia kanisa lisilo lao.

Leo mtu anayezunguka Kangema na vijiji vyake Jumapili asubuhi anaweza kusikia kengele, ngoma na spika katika mwendo mfupi tu. Kuna Wakatoliki, Waanglikana wa ACK, Wapresbiteri wa PCEA, kanisa la AIPCA lililozaliwa na harakati za shule huru, Wapentekosti wa majina mengi, Akorino wenye vilemba vyeupe. Na Wasabato wamekwisha kusali jana yake. Harusi, mazishi na ubatizo wa watoto wa ndugu huwavusha watu kutoka kanisa moja hadi jingine mara nyingi kuliko mahubiri yoyote. Na kila anayevuka hurudi na hukumu yake. Mpresbiteri aliyekwenda misa husema Wakatoliki ni baridi, maana hakuna aliyemuuliza jina. Mkatoliki aliyekwenda kwa Wapentekosti husema aliaibishwa, kwa vile alisimamishwa mbele ya watu wote aeleze ametoka wapi. Wote wawili wamekosea, na wamekosea kwa njia moja: wamedhani "karibu" ni tabia ya watu, kumbe ni tafsiri ya kile ambacho kanisa hilo linaamini kinatendeka wakati wa ibada.

Tuanze na misa. Kwa Mkatoliki, misa ni sadaka inayotolewa kwa Mungu, na inakuwa kamili hata kama kanisani wamo watu watatu wasiofahamiana. Mgeni huchovya kidole katika maji ya baraka mlangoni, hupiga goti, huketi, na hakuna anayemsumbua. Kunyamaziwa huko si dharau: anachukuliwa kuwa amekuja kwa Mungu, na hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumhoji kuhusu safari hiyo. Ataguswa mara moja, wakati wa kutakiana amani, na jirani asiyejua jina lake. Kujuana kuna mahali pake pengine. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya parokia, na ndiyo maana majirani Wakatoliki hukutana nyumbani kwa zamu, wakasoma Neno, wakachanga, wakajuliana hali. Anayetaka kujulikana kwa jina asingoje Jumapili. Aende kwenye jumuiya katikati ya wiki, na huko ataulizwa maswali kuliko anavyotaka.

Kwa Waprotestanti wa eneo hili hali ni kinyume, na sababu yake ina historia. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 uliingia Kenya mwishoni mwa muongo huo na ukashika moto katika nchi ya Wakikuyu, kwa Waanglikana na Wapresbiteri sawasawa. Waliookoka, ambao hapa huitwa ahonoki, walikutana ili kila mmoja asimame na kutoa ushuhuda wa maisha yake hadharani. Ibada kwao ilikuwa kusanyiko la watu wanaofahamiana hadi dhambini. Aliyekaa kimya alikuwa bado hajafika, hata kama amekalia benchi la mbele. Ukilifahamu hilo, utaielewa desturi ya leo: mwenye kuongoza ibada huwaomba wageni wasimame, wataje majina, makanisa yao, na walete salamu, washirika huitikia kwa makofi na wimbo, na baada ya ibada wageni huelekezwa kwenye chai. Nadhani desturi hii ya salamu imechota pia katika uamsho, kwani "Bwana asifiwe" iliyokuwa alama ya ahonoki leo ndiyo hodi ya karibu kila mkutano, hata ule wa siasa. Wakatoliki nao wana salamu yao: mmoja akisema "Tumsifu Yesu Kristo" na mwenzake akaitikia "Milele na milele", tayari wametambuana bila kuulizana kadi.

Akorino wanastahili kutazamwa kwa heshima zaidi ya wanayopewa. Walitokea katika miaka ya 1920, nje ya misheni zote, wakiongozwa na maono na unabii. Serikali ya kikoloni iliwaandama, na mwaka wa 1934 polisi waliwaua kwa risasi watatu wao katika msitu wa Ndarugu. Kwao mahali pa ibada ni ardhi takatifu, kama ile aliyoikanyaga Musa mbele ya kichaka kinachowaka. Kwa hiyo mgeni huvua viatu mlangoni, na mwanamke hutarajiwa kufunika kichwa. Anayeona masharti hayo kama kizuizi hajaelewa kwamba kwao ndiyo karibu yenyewe. Hakuna anayekuuliza kazi yako, elimu yako wala kanisa lako. Ukishavua viatu umelingana na kila mtu aliyemo.

Kuna karibu ya aina nyingine ambayo haisemi neno. Katika kanisa kuu la Waanglikana mjini Murang'a, lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, kuna michoro mikubwa ya ukutani iliyochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, yamewekwa katika nchi hii, na Yesu ni Mwafrika. Wakati huo makanisa mengi yalikuwa bado yanatundika picha za Yesu mwenye nywele za dhahabu. Mkulima aliyeingia pale aliiona nchi yake imepewa nafasi kwenye habari ya wokovu kabla mhubiri hajafungua kinywa. Sijui mhudumu gani wa mlangoni angeweza kusema zaidi ya hapo.

Hata hivyo, mlango ni sehemu nyepesi. Ugumu uko mezani. Kanisa Katoliki humpa ekaristi Mkatoliki aliye tayari, na kwa Mkristo wa kanisa jingine huacha nafasi finyu sana kisheria. Waanglikana na Wapresbiteri kwa kawaida humkaribisha aliyebatizwa na kukubaliwa kushiriki katika kanisa lake. Wasabato huwaalika wote wanaomwamini Kristo, lakini kwanza watu huoshana miguu. Tofauti hizi si za jana. Juni 1913, katika kituo cha Waskoti huko Kikuyu, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission walikutana kutafuta umoja, wakamaliza kwa kushiriki meza moja, askofu Mwanglikana wa Mombasa akiongoza ndani ya kanisa la Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzake, alimshtaki yeye na askofu wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na ugomvi ukajaa magazeti ya Uingereza. Mkate uliovunjwa Kikuyu ulitikisa London, kwa sababu pande zote mbili ziliamini kwamba nani anakula ni swali la imani. Katika hilo nawaheshimu wote, Weston pamoja na aliowashtaki.

Kinachoumiza ni pale meza inapotumiwa kama fimbo. Mwaka wa 1929 misheni ya Waskoti na Africa Inland Mission, iliyokuwa na kituo Githumu hapa Murang'a, ziliwataka waumini waikane hadharani tohara ya wasichana. Tamko hilo liliwekewa sahihi au alama ya kidole, na watu wakaliita kirore. Aliyekataa alitengwa, na mara nyingi mtoto wake akapoteza shule. Kuhusu mwili wa msichana wamisionari walikuwa na haki, na sheria ya Kenya ya 2011 inayokataza ukeketaji imesimama upande huo. Ila walilifanya kanisa kuwa kizuizi cha polisi, penye wino wa kidole mlangoni, na maelfu wakaondoka. Kutokana na kuondoka huko zilikua shule huru na makanisa yake. Mwaka wa 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander aliitwa kutoka Afrika Kusini kuja kuwafunza na kuwawekea mikono makasisi wao, na ndiko yaliko mashina ya AIPCA na ya Waorthodoksi wa Kenya. Makanisa hayo yalijengwa na watu waliotolewa mezani.

Hapa msomaji atasema: basi meza zote zifunguliwe, maana Yesu alikula na watoza ushuru. Hoja hiyo ina uzito, na sina nia ya kuipuuza. Lakini angalia karamu ya Mkikuyu mwenyewe. Mbuzi anapochinjwa, nyama haigawanywi ovyo; kuna kipande cha wazee, cha wanawake, cha vijana, na mzee wa kiama, yaani baraza la wazee, hali nyama ya kiama kabla hajatoa mbuzi wake. Mgeni hupewa fungu lake, na hajihisi ametukanwa kwa kutopewa fungu la wazee, mradi ameonyeshwa lake. Tusi ni kuachwa bila fungu na bila neno. Kanisa lenye meza ya masharti linaweza kuwa karimu, iwapo kabla ya komunyo padri atasema waziwazi nani hushiriki, na mwingine afanye nini: abaki akiomba, au ajongee mikono kifuani apate baraka pale ilipo desturi hiyo. Kanisa lenye meza wazi lisiloeleza chochote linaweza kumfedhehesha mgeni vilevile, anayebaki na kikombe mkononi akitazama wengine wanafanya nini.

Mwingine atasema kwamba haya ni mafundisho ya vitabuni, na kwamba baridi ni baridi: kuna parokia ambamo hakuna anayekutazama kwa uvivu tu wa kupenda, na kuna Wapentekosti wanaokumbatia kwa hesabu ya namba ya simu watakayoichukua. Ni kweli. Imani inaeleza desturi, haisamehei uzembe. Lakini bila kujua desturi ilitoka wapi hatutaweza kutofautisha ukimya wa heshima na ukimya wa kutojali, wala swali la upendo na swali la upelelezi. Na katika mji mdogo tofauti hiyo ni kubwa. Mwanamke aliyetoka kanisa moja kwa sababu ya ugomvi wa ndoa, akaingia jingine kutafuta utulivu, akisimamishwa kutaja jina na kanisa lake, habari zitatangulia kufika nyumbani kabla yake. Kusimama kungekuwa hiari, hakuna imani ambayo ingeharibika.

Halafu yuko mgeni ambaye hakuna kanisa linalomwacha kimya: mwanasiasa. Septemba 2019, ibada katika kanisa Katoliki la Gitui, Kiharu, ilivurugwa na mabishano ya wabunge. Oktoba 4, 2020, watu wawili waliuawa Kenol, vijana wa pande mbili za kisiasa walipopambana kabla ya harambee katika kanisa la AIPCA. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa ACK alipiga marufuku wanasiasa kuhutubu madhabahuni, na Wakatoliki na Wapresbiteri nao wakatoa misimamo ya namna hiyo. Yakobo alionya katika waraka wake juu ya mwenye pete ya dhahabu kupewa kiti cha heshima huku maskini akiambiwa asimame kule. Kanisa linalomsimamisha mgeni maskini ataje jina lake, kisha likampa mgeni tajiri kipaza sauti, limeonyesha linamwabudu nani kwa saa hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Makanisa mengi huku yamejaliwa siku mbili za kwanza: chai, makofi, tabasamu la mhudumu wa mlangoni. Jembe pia hulitoa upesi, kwa michango na kamati. Kinachokosekana ni maelezo. Wazee wa kanisa, makatekista na wachungaji wa Kangema, Jumapili ijayo semeni maneno machache kabla ya meza: sisi tunaamini hivi, kwa hiyo tunafanya hivi, nawe mgeni nafasi yako ni hii. Na wewe unayealikwa harusini kwenye kanisa lisilo lako, muulize mwenyeji wako mapema kama utavua viatu, kama utasimama, na kama utakula.