Ndege Iliyofukiwa na Mchanga

Natumaini kila mmoja ameketi na daftari lake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni herufi mbili kubwa: QV. Chini yake andika: N3200.

Maandishi haya yamo ubavuni mwa ndege moja ya vita huko Uingereza, ya aina iitwayo Spitfire. QV ilikuwa alama ya Kikosi cha 19 cha jeshi la anga. N3200 ni namba ya ndege yenyewe, kama namba ya motokaa.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliwabana askari wa Uingereza pale Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Tarehe 26 ndege hii ilikwenda kuwakinga, ikapigwa. Rubani wake, Geoffrey Stephenson, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi, aliitua kwa tumbo ufukoni Sangatte. Alitoka mzima, lakini alitekwa. Ndege ikabaki pale, na mchanga ukaifukia.

Ilitolewa mwaka 1986. Hebu fikirini: miaka zaidi ya 40 ndani ya maji ya chumvi! Ndege hizi zina ngozi ya bati jembamba la aluminiamu, lililoshikizwa kwa ribiti nyingi sana, na chumvi hula bati la namna hiyo polepole mpaka likawa kama unga. Katika kazi hii fundi hufungua kila kitu. Kipande kizima husafishwa na kurudishwa. Kibovu hakitupwi upesi, maana ndicho kipimo cha kutengenezea kipya. Mwaka 2014 ndege iliruka tena. Mwaka 2015 ilitolewa zawadi kwa Makumbusho ya Vita ya Uingereza, nayo ikawekwa Duxford, mahali kilipokuwa kikikaa Kikosi cha 19.

Basi mtu atauliza: jahazi likibadilishwa mbao nyingi, je, ni jahazi lilelile? Swali hili ni zito, na mafundi wenyewe hubishana juu yake. Katika makumbusho ya Hendon, London, iko ndege kubwa ya mabomu, Halifax, iliyotolewa ziwani Norway mwaka 1973. Hiyo waliiacha na makovu yake, wala hairuki. Mimi naona zote mbili zina kazi. Ile ya Hendon yaonyesha vita viliifanya nini. Hii ya Duxford yatusikilizisha ngurumo ya injini yake.

Lakini ikiwa bati ni jipya, rangi lazima iseme kweli. Tazameni chini ya N3200: bawa la kushoto ni jeusi, la kulia ni jeupe. Mwanzoni mwa vita ndege za Waingereza za kukamata adui zilipakwa hivyo, ili askari wao walio chini wazitambue wasizipige. Mwezi wa Juni 1940 rangi hiyo ilibadilishwa. Kwa hiyo fundi akiipaka N3200 rangi ya Julai, ataipendeza macho, lakini atakuwa ameivika nguo ambayo haikuwahi kuvaa siku ile ya Sangatte.

Kabla ya somo lijalo, andikeni sentensi tatu: je, ninyi mngeitengeneza iruke, au mngeiacha ilivyotoka mchangani? Toeni sababu. Kwa herini.